Lita 130 kwa Watu Wawili: Mazda MX-5 na Mizigo ya Safari ya Siku Tisa

Mdogo wangu alipowasili kutoka Tanga mwanzoni mwa mwezi Septemba, alikuja na sanduku gumu la magurudumu manne ambalo mizani ya uwanja wa ndege ililipitisha kwa kilo 23 kamili, na asubuhi ya pili akalisukuma mwenyewe hadi nyuma ya gari langu, akasubiri nifungue buti, kisha akanyamaza. "Dada," akasema baada ya muda, "hili ni buti au droo ya kabati?" Swali hilo huulizwa na karibu kila mtu anayeliona gari hili kwa mara ya kwanza, na nitajaribu kulijibu hapa baada ya kulimiliki kwa miaka mitatu, na hasa baada ya safari ya siku tisa tuliyoifanya sisi wawili kutoka Leeds, Uingereza, hadi ncha ya kaskazini ya Uskoti na kurudi, bila kuacha kitu tulichokihitaji na, kwa bahati mbaya, bila kuepuka kubeba vichache tusivyovihitaji.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, kile kilichoanza kuuzwa mwaka 2015. Langu ni la mwaka 2017, lenye injini ya lita 1.5 na paa la turubai linalokunjwa kwa mkono. Historia yake ni ndefu kuliko umbo lake. La kwanza lilionyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Chicago mwezi Februari 1989, Wamarekani wakalijua kwa jina la Miata, Wajapani wakaliuza kama Eunos Roadster, na mwaka 2016 likaundwa la milioni moja. Katika miaka yote hiyo limebaki na viti viwili tu, na kizazi hiki cha nne, chenye urefu wa milimita 3,915, ni kifupi hata kuliko kile cha kwanza. Viti viwili maana yake ni kwamba hakuna kiti cha nyuma cha kutupia koti, mkoba au mfuko wa machungwa, na jambo hili husahauliwa na waliozoea magari ya kawaida: buti la gari dogo la familia lina msaidizi, na buti la gari hili halina.

Maelezo rasmi yanataja lita 130. Kwa msomaji ambaye lita za buti hazimwambii kitu, hizo ni ndoo sita na nusu za lita 20, au, kwa kukadiria, nafasi ya gunia moja la mchele la kilo 100. Kizazi cha tatu kilikuwa na lita 150, na wapo wanaozililia hizo 20 zilizopotea. Mimi siwaungi mkono, kwa sababu katika buti hili umbo lina neno kubwa kuliko lita. Mdomo wake ni mwembamba na ukingo wake uko juu. Ndani linashuka kwa kina ambacho mtazamaji wa nje hakitarajii, kisha linaendelea mbele chini ya bamba lililo nyuma ya viti, mahali penye giza ambapo mkono hufika na jicho halifiki, huku pande zote mbili magurudumu yakiwa yamejikatia sehemu yao. Kwa hiyo kila kitu kigumu kinapita katika mitihani miwili: kwanza kama kitaingia mdomoni, na pili, kikishaingia, kama kitageuka.

Wenye magari ya vizazi viwili vya kwanza wana mtihani wa tatu, kwa kuwa betri na tairi ya spea hukaa humohumo butini. Katika gari langu betri imehamia mbele chini ya boneti, na spea haipo kabisa. Badala yake kuna pampu ndogo ya umeme na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Nafasi iliyopatikana ni ya kweli, lakini imelipiwa, maana tairi likichanika ubavuni dawa hiyo haisaidii, na katika milima ya kaskazini gari la kukokota linaweza kuwa mbali sana. Kabla ya kuondoka nilihakikisha kwamba bima yangu inagharimia kukokotwa hadi mji wa karibu, nikapima upepo wa matairi, na nikaangalia uzito ambao abiria na mizigo kwa pamoja hawapaswi kuuzidi. Nawasihi wenye magari haya wauangalie, kwa sababu watu wazima wawili wenye miili yao huwa wameshakula sehemu kubwa ya uzito huo kabla begi la kwanza halijanyanyuliwa kutoka sakafuni.

Sifa kubwa ya buti hili, ambayo tarakimu haziionyeshi hata kidogo, ni kwamba halibadiliki. Turubai likikunjwa hulala mahali pake nyuma ya viti wala haliingii butini. Unafungua kitasa kimoja kilichopo katikati juu ya kioo cha mbele, unalisukuma nyuma mpaka usikie limenasa, na mzigo wako uko palepale ulipouacha. Wenye mapaa ya chuma yanayojikunja hawana raha hiyo kila mara. Volkswagen Eos, ambalo paa likiwa limefungwa lina lita 380, hubakiwa na lita 205 paa likishushwa. BMW Z4 iliyoundwa kati ya mwaka 2009 na 2016 hutoka lita 310 hadi 180. Ni kweli kwamba hata hizo zinazobaki ni nyingi kuliko zangu, na sitaki kumdanganya mtu kwa hesabu. Lakini fikiria hali ya barabarani: aliyejaza buti akiwa amefunga paa hawezi kulifungua jua linapotoka mpaka kwanza ashushe mabegi kando ya njia, na kwa kuwa jua la Uskoti halikai likimsubiri mtu, hatalifungua kamwe. Katika siku tisa sisi tulifungua na kufunga paa mara nyingi kiasi cha kupoteza hesabu, mara nyingine tukiwa tumesimama kwenye taa za barabarani, na hatukugusa mzigo hata mara moja kwa sababu hiyo.

Turudi kwenye sanduku la mdogo wangu. Tulilipima kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 75 kwa 50 kwa 30, yaani lita 112 na ushei. Kwa hesabu za karatasi lilipaswa kuingia na kubakiza lita 18 za viatu. Kwa vitendo halikuvuka hata ukingo. Tulilijaribu kwa ubavu, kwa kichwa na kwa mshazari, jirani akatoka kutazama, tukalirudisha chumbani. Watengenezaji wanasema buti linachukua masanduku mawili ya saizi inayoruhusiwa kuingia nayo ndani ya ndege, na hilo nimelithibitisha, ila ni kwa mpangilio mmoja tu, na ukikosea mpangilio huo kifuniko hakifungi. Tena sanduku la sentimita 55 kwa 40 kwa 20 lina lita 44 kwa nje, na ndani ni pungufu, kwa kuwa magurudumu, fremu na mpini wa kuvuta huchukua haki yao. Masanduku mawili ni lita 88, na lita arobaini na kitu zinazosalia hutawanyika pembeni kama mabaki ya kitambaa baada ya shati kukatwa: zipo, lakini hazishoni nguo nyingine.

Yapo mabegi yanayoshonwa mahususi kwa kufuata umbo la buti la gari hili, na mwaka wa kwanza nilinunua seti ya matatu. Sitamtaja mshonaji, kwa sababu kosa halikuwa lake. Kazi yake ilikuwa safi, zipu imara, na mabegi yalikaa butini kama meno kwenye ufizi. Taabu ilianza kila tulipofika tulikokuwa tukienda. Begi lililokatwa kwa umbo la pembe ya gari halisimami penginepo popote: sakafuni linaanguka, kwenye ngazi za nyumba ya wageni linapiga magoti, na ndani yake nguo zilizokunjwa mraba hulala kwenye sakafu ya mviringo zikaamka zimejikunyata. Pia halifai kwa basi, wala ndege, wala safari ya kwenda kulala kwa shangazi. Mtu anayesafiri kwa gari hili kila wikendi huenda akaona faida yake. Mimi niliiuza seti ile baada ya miezi minane, na fedha niliyoipata ilinunua mabegi mawili laini ya kitambaa kizito, ya lita 40 kila moja, yasiyo na fremu wala magurudumu, pamoja na mkoba wa mgongoni wa lita 25, na chenji ikabaki ya petroli.

Begi laini ndilo jibu la swali la droo. Halina umbo lake lenyewe, kwa hiyo hukubali umbo linalopewa, na ukilikandamiza kwa goti hutoa pumzi likatulia. Hapa lazima niseme neno juu ya mifuko ya plastiki inayonyonywa hewa, ambayo watu wengi huipendekeza. Nimeitumia, na naona inapotosha. Ni kweli inapunguza ukubwa wa sweta, lakini inaligeuza kuwa tofali, na katika buti ambalo adui yake ni kitu kigumu, sioni busara ya kuchukua kitu laini na kukifanya kigumu kwa makusudi.

Nafasi ndogondogo zilizobaki tuliziziba kwa kanga, na katika ukaguzi huu wote hakuna kifaa ninachokisifu kwa moyo mkunjufu kama hiki. Tulikuwa na doti mbili. Vipande viwili vilifunga mafurushi, kimoja la nguo za ndani na soksi, kingine la sweta, na furushi la kanga lina tabia ambayo hakuna begi la dukani linaloifikia: unalisukuma kwenye shimo lenye umbo lolote, nalo linakuwa shimo hilo. Kipande cha tatu kilikuwa taulo. Cha nne kilikuwa pazia katika chumba kimoja ambacho mwanga wa alfajiri uliingia bila hodi, na mchana kilifunika mikoba iliyokaa miguuni mwa abiria ili wapita njia wasiione tuliposimama paa likiwa wazi. Visheti alivyovileta mdogo wangu vilikuwa kwenye kopo la bati la duara. Tulivihamishia kwenye mfuko, na ule upenyo wa pembeni ya gurudumu la kushoto, ambao kopo lilikuwa limeukataa, ukavipokea vyote.

Kuhusu mpangilio, nilifuata somo la babu yetu mzaa mama, ambaye ujanani alikuwa baharia kwenye majahazi ya kubeba boriti na nazi. Alikuwa akisema kwamba chombo kinazama bandarini, siku ya kupakia, ila wenyewe hugundua wakiwa baharini. Na kwamba farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, ikikaa mkiani nahodha atagombana na usukani njia nzima. Gari hili ni jepesi, kama tani moja hivi, na uzito ukiwekwa kwenye ncha ya nyuma kabisa unauhisi kwenye kona. Kwa hiyo vitu vizito viliingia kwanza na kusukumwa mbele kabisa, kwenye lile giza la chini ya bamba, ambako viko karibu na mhimili wa magurudumu: jozi mbili za viatu vya kutembelea milimani, mfuko wa chaja na nyaya, na chupa za losheni na shampuu zilizofungwa ndani ya mifuko miwili, maana chupa moja ikifunguka humo utainusa mpaka Krismasi. Kisha yale mabegi mawili yalilazwa ubavu kwa ubavu, mafurushi yakaziba kando, na juu kabisa vikakaa vitu vinavyotakiwa haraka: makoti ya mvua, wavu wa usubi na mswala. Kosa ambalo nimelifanya zaidi ya mara moja ni kuweka koti la mvua chini, na adhabu yake ni kulipakua buti zima kando ya barabara huku mvua ikiingia ndani kwa raha zake.

Nguo zenyewe tulizipanga kwa siku nne, si kwa siku tisa. Huko Ullapool kuna mahali pa kufulia, na nguo za sufu nyepesi hukauka usiku mmoja zikitundikwa karibu na kipasha joto. Kila mtu aliruhusiwa suruali mbili au magauni mawili marefu, blauzi nne, sweta moja nene na moja jepesi, koti moja, na viatu jozi mbili ambazo moja yake huvaliwa. Mdogo wangu alikubali masharti hayo kwa maneno na kuyavunja kwa vitendo, kwani katika furushi lake nilikuta viatu vya kisigino, viungo vya pilau vya kutosha shughuli ya watu arobaini, na pasi ndogo ya umeme. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiona kwamba vitu vyake havina uzito wa maana kumbe vyangu ndivyo muhimu: nilipochunguzwa na mimi, nilipatikana na vitabu vitatu na darubini ambayo haikuwahi kutolewa kwenye ala yake. Tuliacha pasi, kisigino, darubini na vitabu viwili. Viungo vya pilau vilisafiri, na usiku mmoja tulioupata wenye jiko, karibu na Durness, vilijilipia nauli.

Sehemu ya abiria inastahili maneno machache tu, kwa kuwa ndani hakuna mengi. Hakuna droo ya dashibodi mbele ya abiria. Badala yake kuna kisanduku chenye kufuli katikati, nyuma ya viwiko, kinachotosha nyaraka, simu na pochi, nacho ukikitaka ukiwa unaendesha itabidi ujipinde kama mtu anayejikuna mgongo. Vishikio vya vikombe viko hapohapo nyuma ya viwiko na vinaweza kuchomolewa, na kimojawapo kinaweza kuhamishiwa karibu na goti la abiria, jambo ambalo nililifanya mara moja kwa ajili ya chupa yetu ya chai. Nyuma ya viti pana upenyo wa kulaza koti ikiwa kiti kimesogezwa mbele kidogo, lakini pale turubai linapolala hapatakiwi kuwekwa kitu chochote, hata kitambaa, kwa sababu paa likishuka juu yake kitu hicho hukandamizwa dhidi ya kioo cha nyuma. Wanaovaa mtandio wajue kwamba pini mbili hazitoshi. Vioo vya milango vikipandishwa upepo hupungua sana, lakini ukipita mwendo wa kilomita 80 kwa saa mtandio mwepesi hugeuka bendera. Mdogo wangu aliishia kuvaa kofia ya kufuma chini na mtandio juu, akadai hata masikio yamemshukuru.

Njia yetu, baada ya kilomita zipatazo 600 kutoka Leeds hadi Inverness, ilikuwa ile inayoitwa North Coast 500, iliyotangazwa rasmi mwaka 2015, inayoanzia na kuishia Inverness baada ya maili 516, yaani kilomita 830 hivi. Sehemu kubwa upande wa magharibi ni barabara ya njia moja yenye vituo vya kupishana, na huko ndiko udogo wa gari, ambao nyumbani ulikuwa tatizo la mizigo, unapokuwa haki ya kutamba. Tuliupanda mlima wa Bealach na Bà kuelekea Applecross, mita 626 juu ya usawa wa bahari, kwenye kona zinazojikunja kama utumbo, ambako kibao cha chini kinawashauri wenye matrela ya kulala ya kukokota na madereva wanaojifunza wasithubutu. Tulipishana na gari kubwa la kulala ambalo dereva wake alikuwa amekunja vioo vya pembeni na uso pia. Katika kona zile nilisikiliza kwa makini nyuma yangu, na sikusikia kitu kikihama. Buti lililojaa barabara lina faida hiyo juu ya buti kubwa lililojaa nusu: hakuna pa kuhamia.

Mvua ilitupata kwa siku nne katika tisa, jambo ambalo wenyeji walituhakikishia kuwa ni hali njema. Turubai halikuvuja hata tone. Jambo la kuangalia ni lile la magari mengi ya umbo hili, kwamba maji yaliyotuama juu ya kifuniko cha buti hutafuta njia ya kuteremka kifuniko kinapoinuliwa, kwa hiyo tulijifunza kukipangusa kwanza kwa kitambaa, na kuyafunika mabegi kwa mfuko mkubwa wa plastiki uliokatwa ubavu. Usubi, wale wadudu wadogo ambao mtu wa Tanga angedhani amewaacha kwao, walitusubiri karibu na kila maji yaliyotulia. Wakati wa magharibi, pasipo na upepo, paa hufungwa upende usipende, na hapo wavu uliokuwa juu kabisa ya mzigo ulilipa fadhila.

Kuna wanaoongeza keria juu ya kifuniko cha buti, na mimi niliwahi kuwa mmoja wao. Ile niliyoinunua, kutoka kwa muuzaji nisiyemtaja, ilishikwa kwa mikanda na vibanio vyenye mpira, na baada ya safari moja ya wikendi kibanio kimoja kilikuwa kimeacha alama kwenye rangi ambayo hadi leo humwonyesha kila anayeniuliza ushauri. Hata ingekuwa bora kuliko hiyo, bado ningekuwa na shaka, kwa sababu begi likikaa hapo lazima uhakikishe haliifuniki taa ya tatu ya breki, mvua hulipiga mfululizo, na kila unapotaka kufungua buti unainua vyote viwili. Aliyelazimika kubeba watu wawili kwa wiki tatu na mahema yao anaweza kuihitaji. Kwa nyumba za wageni na siku tisa, haikuhitajika.

Nilichokosea kabisa ni nafasi ya kurudia. Tuliondoka Leeds buti likiwa limejaa, nikijisifu, nikisahau kwamba mtu aliyetoka Tanga hawezi kurudi kwao mikono mitupu. Hadi kufikia Thurso tulikuwa na mablanketi mawili ya sufu, makopo matano ya biskuti za siagi na kikombe kwa kila mtoto wa ukoo, na makopo, kama nilivyosema kuhusu lile la visheti, ni kitu ambacho buti hili halikipendi. Tuliingia posta, tukanunua boksi, tukapakia zawadi pamoja na viatu vizito tulivyokuwa tumemaliza kazi navyo, tukajitumia wenyewe hadi nyumbani. Boksi lilifika kabla yetu. Safari ijayo nitaacha robo ya buti tupu tangu mlangoni, na nitachukua begi moja la ziada lililokunjwa, lisilo na kitu ndani.

Je, ningemshauri mtu anunue gari hili akiwa anapenda safari ndefu? Kwa watu wawili wanaoweza kukubaliana juu ya jozi za viatu, ndiyo, bila kusita. Kwa mwenye mtoto, hata mmoja, hapana, na hakuna ufundi wa kufungasha utakaolibadilisha jibu hilo. Kwa mpiga picha mwenye masanduku magumu ya vifaa, au mtu anayesafiri na kiti cha magurudumu, hapana vilevile. Na ndugu wa nyumbani wanaoniuliza kama lingefaa huko, kwa kuwa usukani uko kulia na ya kutoka Japani yanapatikana, wakumbuke kwamba gari hili liko chini sana, na buti likijaa mkia hushuka zaidi. Matuta ya barabarani ya kwetu yangelikwangua tumbo kabla halijatoka mjini.

Jioni ya siku ya tisa tulishusha mabegi mawili, mkoba mmoja na mafurushi ya kanga ndani ya dakika tano, na mdogo wangu akaenda kulifungua lile sanduku lake lililokuwa limekaa chumbani siku zote hizo. Alikaa mbele yake akitoa nguo moja moja ambazo hakuzikosa, kisha akaanza kupanga mablanketi na makopo ndani yake. Tulipolipima lilikuwa na kilo 26. "Sasa hizi tatu," akaniuliza, "kwenye lile droo lako hazikai?"